Seli zikikosa uzito

SWALI: Nasikia seli za mwili zikipelekwa angani hubadilika. Kwani kitu kidogo hivyo kinaujuaje uzito?

JIBU: Kinaujua, tena vizuri. Mwaka 1983 Augusto Cogoli, mtafiti wa Zürich, alipeleka chembe nyeupe za damu ya binadamu kwenye Spacelab, maabara ya angani. Duniani, ukizitia kichocheo hujigawa kwa kasi, kana kwamba mwili umevamiwa. Kule zilibaki karibu zimelala: mwitikio ulipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Utasema ni mionzi ya angani. Sivyo, mwaka 1985 nyingine zilizungushwa humohumo chomboni, kwenye mashine inayoiga uzito wa duniani, nazo zikaamka.

Majaribio ya baadaye yalionyesha jeni ya interleukini-2, protini inayoziamuru chembe hizo zizaliane, haikuwaka ipasavyo. Mshukiwa mkubwa ni nyuzi laini zinazoipa seli umbo: uzito ukitoweka hupoteza mpangilio wake, na ujumbe kuelekea kwenye kiini huvurugika.

Mifupa nayo huathirika, hupungua madini kwa takriban asilimia 1 kila mwezi angani. Ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi saa mbili hivi kila siku.