SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: UPANGISHAJI WA ANWANI ZA INTANETI

1. Shabaha ya somo

Laini ya intaneti ya ofisi ya chama imekuwa chombo cha kazi kama mizani na ghala. Kwa laini hiyo taarifa za chama hupelekwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya mfumo wa MUVU, na malipo ya wakulima hufuatiliwa benki. Pamoja na chombo hicho imezuka biashara ambayo viongozi wengi hawajaielewa: kupangisha proksi za binafsi, zinazotangazwa kuwa humficha mtumiaji asijulikane. Chama chaweza kuifikia biashara hiyo kwa milango miwili, yaani kama mpangaji au kama mwenye kupangishwa laini yake. Somo hili laeleza milango yote miwili.

2. Proksi ni nini

Kila anayeingia kwenye intaneti huingia kwa namba, nayo huitwa anwani. Proksi ni kompyuta ya katikati: hupokea ombi la mtumiaji, hulipeleka linakokwenda kwa anwani yake yenyewe, kisha humrudishia jibu. Kule lilikokwenda ombi huonekana anwani ya proksi tu.

Jambo hili si geni vijijini. Watu wengi wasio na sanduku la posta wamezoea kutumia sanduku la shule, la kanisa au la chama. Anayepokea barua huona namba ya sanduku, wala hajui nyumba ya mwandishi. Lakini mwenye sanduku anajua ni nani anayelitumia, na barua ya matusi au ya utapeli ikiandikwa kwa namba hiyo, wa kwanza kuulizwa ni mwenye sanduku.

Wapo wanaotumia proksi kwa kazi halali, kwa mfano kampuni inayochunguza jinsi matangazo yake yanavyoonekana katika nchi nyingine. Wengine huzitafuta ili kupita pale panapozuiwa. Mwezi Oktoba 2020, mtandao wa Twitter ulipozuiwa nchini wakati wa uchaguzi, watu wengi waliufikia kwa VPN, ambayo ni huduma ya jamaa moja na proksi. Hata hivyo Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kuwa na programu inayomsaidia mtu kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa kwake kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo.

3. Maana ya neno "binafsi"

Neno "binafsi" katika biashara hii maana yake ni kwamba anwani imepangishwa kwa mteja mmoja. Halina maana kwamba mpangishaji hamwoni mteja huyo. Mpangishaji anajua mteja ametokea anwani gani, ameelekea tovuti gani, na saa ngapi. Ikiwa tovuti hutumia usimbaji, ujumbe ni kama barua iliyofungwa kwa gundi: mpangishaji haoni ya ndani, lakini bahasha anaiona. Mteja akikubali kuweka katika kompyuta yake cheti cha usalama kilichotolewa na mpangishaji, hata barua yaweza kufunguliwa.

Mwaka 2011 kampuni moja ya Uingereza iliyouza huduma ya kuficha anwani ilipokea amri ya mahakama, nayo ikatoa kumbukumbu za mteja aliyeshukiwa kuivamia mitambo ya kampuni ya filamu. Mteja huyo alikamatwa Marekani. Hivyo aliyekodi proksi hakuondoa macho yaliyomwona, bali ameyahamishia kwa mtu mwingine, mara nyingi asiyemfahamu wala asiyeweza kumshtaki.

4. Anwani hizo hutoka wapi

Tovuti nyingi huzitilia shaka anwani za mitambo mikubwa. Kwa sababu hiyo wapangishaji huthamini anwani za nyumba na ofisi za kawaida. Baadhi huzipata kwa kuwalipa wenye laini fedha kidogo ili waweke programu katika simu au kompyuta. Wengine huzichukua kwa siri.

Mwezi Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa proksi ulioitwa 911 S5. Kwa maelezo ya Wizara hiyo, mtandao ulikuwa na anwani zaidi ya milioni 19 katika nchi karibu 200. Wenye kompyuta walikuwa wamechukua programu za VPN za bure, kama MaskVPN na DewVPN, wasijue kwamba wamefungulia wengine mlango. Wahalifu walizikodi anwani hizo na kuzitumia kudai mafao ya uongo yenye hasara ya zaidi ya dola bilioni 5.9.

5. Mfano wa kujadili

Tuchukue mfano wa chama cha msingi huko Berega, wilayani Kilosa, ambacho wanachama wake hulima mahindi, alizeti na mbaazi. Mtunza vitabu anaambiwa kwamba bando lisilotumika usiku laweza kuuzwa. Anaweka programu katika kompyuta ya ofisi. Kuanzia hapo mtu wa mbali akimtapeli mwingine, alama inayobaki ni ya laini ya chama, nayo imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu anayejulikana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa polisi uwezo wa kupekua na kuchukua kompyuta. Ikichukuliwa katika msimu wa kununua mazao, daftari la wanachama limekwenda nayo, na wakulima wanasubiri malipo.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Majina, namba za simu na akaunti za wanachama ni taarifa za namna hiyo.

6. Wajibu wa viongozi

(a) Laini imelipiwa na wanachama wote. Mtumishi mmoja asiipangishe kwa faida yake.
(b) Programu yoyote iwekwe kwa idhini ya meneja, na iandikwe katika daftari la vifaa.
(c) Kazi za benki na za MUVU zisipitishwe kwenye proksi ya kukodi au VPN ya bure.
(d) Bando likiisha upesi kuliko kawaida, sababu itafutwe siku hiyo hiyo.

Maswali kwa vikundi vya kujisomea

1. Mwenye sanduku la posta na mwenye proksi wanafanana kwa lipi?
2. Je, mapato ya kupangisha laini yanaweza kulingana na hasara ya kusimama kwa malipo ya msimu?
3. Katika chama chenu, ni nani anayejua programu zote zilizomo katika kompyuta ya ofisi?