SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: MAUA YA BUSTANI NA HARUFU YA NYUMBA



Katika visiwa vya Unguja na Pemba nyumba haihesabiwi kuwa imepambwa mpaka inukie. Mkeka mpya na pazia havitoshi. Asumini hutandazwa kitandani, kikuba cha mrehani na langilangi huwekwa baina ya nguo sandukuni, chetezo hufukizwa ukumbini, na mgeni hurashiwa marashi. Udi na ubani hutoka ng'ambo, lakini maua hutoka katika bustani za nyuma ya nyumba, ambazo nyingi hutunzwa na akina mama. Wapo viongozi wa vyama wanaolicheka jambo hili. Nawaomba walitazame kama walitazamavyo zao lolote lenye leja.

Ugumu wa zao hili ni saa. Asumini hufunguka usiku, kwa hiyo huchumwa jioni yakiwa bado matumba, ili yafunguke mikononi mwa mnunuzi. Langilangi huchumwa alfajiri, ua likiwa limekwisha kugeuka manjano. La kijani halijaiva, na likichumwa hutoa mafuta haba. Ua la langilangi lililochubuka huanza kuwa jeusi na kuharibika, hivyo lifike kwenye mtambo wa kukenekea siku hiyo hiyo. Kilo 100 za maua mazuri hutoa mafuta kiasi cha kilo 2 tu. Basi kila kilo inayoharibika njiani ni hasara isiyofidika.

Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa kukagua chama kimoja ambacho wanachama wake, karibu wote wanawake, walikuwa wamekataa kuleta maua. Walidai Katibu anawaibia. Nami, nakiri, nilifika nikiwa nimekwisha kumhukumu moyoni. Nilipima mizani kwa mawe ya serikali, nikaiona sawa. Nikapitia vitabu, navyo vilikuwa safi. Siku ya tatu niliamka alfajiri nikaenda bustanini, ndipo nilipofahamu: maua yalichumwa yakiwa na umande, yakawekwa magunia kwa magunia kungojea gari lililofika adhuhuri, na Katibu akapima hapo. Tuseme mama alichuma kilo 40. Adhuhuri zilibaki 36. Kilo 4 zilikwenda na jua, lakini aliyelipa ni mchumaji peke yake.

Tulikubaliana hivi. Maua yapimwe bustanini mbele ya mwenyewe, baada ya kukung'utwa umande, naye apewe stakabadhi papo hapo yenye uzito na saa. Yasafirishwe katika vikapu vyenye nafasi, chini ya kivuli, kamwe si katika magunia. Upungufu wa njiani uandikwe katika hesabu ya gharama za chama, kabla ya kugawa ziada, ili mzigo uwe wa wote. Baadhi ya wajumbe wa Kamati walinung'unika kwamba ziada itapungua. Ilipungua kweli mwaka ule. Lakini wanawake walirudi.

Wanaouza udi wa kupika kwa sukari nao wawe waangalifu: usipofungwa vema hunywa unyevu, ukaota ukungu. Tena mnunuzi aambiwe afungue dirisha anapofukiza, kwani moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa huua.

Makatibu wasio na kitabu cha stakabadhi chenye nafasi ya saa waongeze mstari kwa kalamu na rula, tangu mchumo ujao.