Yai la Mgeni Kiotani: Kekeo na Kaubedi wa Texas

Kuanzia Aprili, ukikaa barazani Dallas, Fort Worth au Houston, huenda ukaona kadinali mwekundu akihangaika kumlisha kinda wa kahawia asiyefanana naye hata kidogo. Mtu aliyekulia Afrika Mashariki atasema mara moja: huyo ni kinda wa kekeo. Kwetu angepata. Hapa anakosa, maana mchezo ni ule ule lakini mchezaji ni wa ukoo mwingine kabisa.

Kekeo ni nani

Familia ya kekeo, Cuculidae, ina spishi zipatazo 150, na takriban mbili kwa kila tano hutagia viota vya ndege wengine. Zilizobaki hulea zenyewe. Tipitipi na dudumizi wanaolia vichakani kwetu wamo katika familia hii, na hujenga viota vyao bila kumsumbua mtu. Kwa hiyo tabia ya kutagia wengine haitoshi kumweka ndege katika ukoo wa kekeo. Wataalamu huangalia nasaba na maumbile, na alama iliyo rahisi kuiona ni miguu: vidole viwili hutazama mbele, viwili nyuma.

Aliye bingwa wa hila kwetu ni Chrysococcyx caprius, kekeo mdogo mwenye mgongo wa kijani unaong'aa. Jike hutaga kwenye viota vya kwera, na rangi ya yai lake hukaribia sana ile ya mayai ya mwenye nyumba. Kinda wake akishaanguliwa, bado kipofu na bila unyoya, huyabeba mayai ya wenzake mgongoni na kuyatupa nje ya kiota.

Texas nako kuna kekeo. Coccyzus americanus, mwenye mdomo wa njano na madoa makubwa meupe mkiani, hufika majira ya kuchipua akitokea Amerika ya Kusini, akakaa kwenye miti mikubwa kama ile ya kando ya mto Trinity. Hula viwavi wenye nywele ambao ndege wengi huwaogopa. Wenyeji wa zamani walisema akilia mvua i karibu, maneno yale yale yanayosemwa kwetu juu ya dudumizi. Huyu hulea makinda wake mwenyewe. Mara chache tu, hasa chakula kinapokuwa tele, huacha yai kwa jirani. Ndugu yake, Geococcyx californianus, mwenye mkia mrefu na mbio za ajabu ardhini, naye hulea wanawe.

Mtagaji halisi wa hapa

Anayeishi kwa kulelewa makinda na ndege wengine ni kaubedi, Molothrus ater. Dume ni mweusi mwenye kichwa cha kahawia. Jike ni wa kijivujivu tu, rahisi kupita bila kutazamwa. Familia yake ni Icteridae, ndani ya oda ya Passeriformes, oda ile ile ya kwera. Miguu yake ina vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Kaubedi na kekeo wa kijani wote walipewa majina ya kisayansi na Mholanzi Pieter Boddaert mwaka 1783, na undugu wao haupiti hapo sana.

Zamani kaubedi aliandamana na makundi ya nyati wa tambarare za Marekani, akila wadudu waliofurushwa na kwato. Siku hizi ng'ombe na nyasi za mijini zinamtosha. Jike huvizia wajenzi wa viota kimyakimya, kisha alfajiri huingia, hutaga kwa muda usiotimia dakika moja, na kutoka. Kwa msimu mmoja anaweza kutaga mayai kama 40, na spishi zaidi ya 220 zimewahi kutagiwa. Kinda wake hawatupi wenzake. Huanguliwa mapema, hukua upesi na kuwapokonya chakula.

Kwa ndege wachache hasara hiyo ni kubwa mno. Katika eneo la kijeshi la Fort Hood, kusini mwa Fort Worth, viota vingi vya vireo wa kichwa cheusi vilikuwa vikitagiwa, mpaka kaubedi wakaanza kunaswa kwa mitego. Vireo huyo aliingizwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 1987, akaondolewa mwaka 2018.

Ukiona yai geni

Usiliguse. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya ndege wahamao inamlinda kaubedi pia, pamoja na mayai yake. Isitoshe, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba yai lake likiondolewa, kaubedi mara nyingi hurudi na kukivunja kiota kizima, hivyo huruma yako ingemponza unayetaka kumsaidia. Kazi ya mitego waachie wenye mafunzo na kibali.

Unachoweza kufanya ni kubadili malisho. Kaubedi hupenda mtama, mahindi yaliyobanjwa na alizeti, hasa zikiwa chini au kwenye sinia pana. Kuanzia Aprili hadi Julai, weka chombo cha bomba chenye vishikizo vifupi na mbegu za kartamu, na ufagie kila jioni zilizomwagika.