Zawadi ya Mjukuu na Daftari la Chama



Katika somo hili hatutazungumzia mizania wala hesabu za mwisho wa mwaka. Tutazungumzia gauni la mtoto na jozi ya viatu. Huenda katibu akajiuliza mambo hayo yanahusiana vipi na kazi za chama cha msingi. Namwomba asome hadi mwisho, kisha awasomee wanachama wake ghalani, maana wako wengi wasiopata jarida hili.

Mwezi wa Desemba unapoingia katika pwani yetu, pepo za kaskazi zimekwisha kuanza, korosho za mwisho zinaokotwa chini ya miti, na shule zimefungwa. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam huwashusha wajukuu Mtwara mjini, na kutoka hapo wengine huendelea hadi Mikindani, Ziwani, Msimbati, Mahurunga na Kitaya. Bibi humpokea mjukuu wa kiume kwa utani wa siku zote, “Mume wangu umefika!”, naye mtoto humwamkia kwa adabu huku macho yake yakielekea kwenye pindo la kanga, mahali ambapo bibi hufunga fedha zake.

Wanachama wetu wengi wa pwani ni Waislamu, na wako pia Wakristo, hasa mjini na kwa wale walioteremka kutoka upande wa Newala na Masasi, ambako misheni ya Kianglikana ilianza mwaka 1876. Lakini daftari la wanachama halina safu ya dini, na jambo hili nalo halina. Sikukuu inapokutana na malipo ya korosho, sahani ya pilau huvuka uzio, na mtoto wa jirani akionekana na nguo mpya, mjukuu wa Mzee aliyefunga Ramadhani naye hutaka ya kwake. Idi ikifika, sahani hurudi.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Gauni la Krismasi hushonwa Desemba, lakini gharama yake kwa bibi huamuliwa tangu mwezi wa Agosti. Wakati huo fedha za msimu uliopita zimekwisha, vibarua wa palizi wanadai, na salfa inapigwa ili ubwiriunga usiunguze maua ya mikorosho. Hapo ndipo mnunuzi wa kangomba anapopiga hodi. Haji na mzani. Huja na bakuli na fedha taslimu, tena kwa maneno matamu: “Bibi, wajukuu wako wanakuja. Chukua sasa, utanilipa korosho zikianguka.”

Tuchukue mfano, ambao si bei ya msimu wowote bali ni hesabu ya kujifunzia. Mwanachama anahitaji shilingi 60,000 kwa nguo na viatu vya wajukuu wawili. Mnunuzi wa kangomba anampa fedha hizo kwa shilingi 1,000 kwa kilo, yaani kwa ahadi ya kilo 60, ambazo ni robo tatu ya gunia la kilo 80. Bei ya mnadani inakuja kuwa shilingi 2,500. Tukiondoa makato ya shilingi 200, mkulima anabakiwa na shilingi 2,300 kwa kilo. Kilo zile 60 zingemletea shilingi 138,000. Kwa hiyo bibi huyu amenunua nguo za shilingi 60,000 kwa shilingi 138,000. Kama angeweza kungoja, kilo 27 zingetosha kumpa shilingi 62,100, na kilo 33 zingebaki kuwa zake. Na hapo sijataja bakuli lenyewe, ambalo hujazwa mpaka likafanya kilima juu.

Ni rahisi kwa sisi wakaguzi kusimama mbele ya mkutano na kuwaambia wazee kwamba kangomba imepigwa marufuku, kwa hiyo waiache. Wazee wanalijua hilo. Mimi nimejifunza kuuliza swali lingine: kwa nini mtu anayejua hesabu ya mazao yake tangu ujana akubali biashara ya namna hiyo? Jibu nililopewa mara nyingi ni moja. Wanaogopa kwamba malipo ya chama yatafika baada ya sikukuu, na shule zikiwa zimefunguliwa.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwezi wa Novemba 2018, baada ya wakulima kuzikataa bei za mnadani, Serikali iliamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa njema, lakini ulifuata uhakiki wa wakulima na mashamba, na wapo waliolipwa mwaka 2019 ukiwa umekwisha kuingia. Wajukuu walikuja wakarudi. Mzee hasahau Krismasi ya namna hiyo hata apewe mihadhara mingapi.

Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya dawa imo mikononi mwa katibu. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, na katika mfumo huo korosho hupimwa chamani, hupelekwa ghala kuu, huuzwa mnadani, kisha fedha hushuka hadi kwenye akaunti ya mkulima benki. Katibu hana uwezo juu ya mnada, wala juu ya siku ambayo mnunuzi atalipa. Lakini orodha ya malipo ni kazi yake. Tarakimu moja ikikosewa katika namba ya akaunti, au jina la daftari likitofautiana na jina la benki, fedha hurudi, na marekebisho huweza kula wiki mbili. Wiki mbili za mwezi wa Desemba ndizo Krismasi yenyewe. Kwa hiyo majina na akaunti vihakikiwe mwezi wa Septemba, mwanachama mwenyewe akiwapo, kabla ya gunia la kwanza kupandishwa kwenye mzani.

Wakati wa uhakiki huo lipo jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi. Wako akina mama wazee wenye mikorosho yao wenyewe ambao mazao yao huandikwa kwa jina la mtoto wa kiume au la mpwa, kwa kuwa ndiye mwenye akaunti na simu. Fedha zikishuka, bibi hupewa anachopewa. Anaposema hana cha kumnunulia mjukuu, husema kweli, ingawa korosho zake zimeuzwa. Katibu asiingilie ugomvi wa nyumba ya mtu, lakini anao wajibu wa kumwuliza mwenye mali, faraghani na kwa heshima: “Bibi, mzigo huu niuandike kwa jina la nani?”

Jambo jingine linahusu makatibu wenye moyo mwema, na hao ndio wanaonitia wasiwasi. Katika ukaguzi wa chama kimoja, ambacho sitakitaja, nilihesabu fedha za kasha nikakuta pungufu ya shilingi 185,000. Katibu hakubishana. Alifungua bahasha akatoa vikaratasi saba, kila kimoja kikiwa na jina la mzee na kiasi cha fedha: huyu 20,000, huyu 35,000. Ilikuwa wiki ya Krismasi, malipo yamechelewa, wazee wamekuja wakiwa na wajukuu mkononi, naye hakuweza kuwafukuza. Hakula hata senti moja. Hata hivyo fedha zile zilikuwa ushuru wa chama, hazikuidhinishwa na bodi, na vikaratasi havikuwa na sahihi. Wazee watano walirejesha, mmoja alikana, na mmoja alifariki. Zile shilingi 50,000 za hao wawili katibu alizilipa mwenyewe. Niliandika taarifa kama inavyonipasa, ingawa siku ile kalamu ilikuwa nzito.

Njia halali ipo. Mwanachama ajiunge na chama cha akiba na mikopo, aweke akiba ndogo kila anapolipwa, na akope huko Septemba kwa riba iliyoandikwa. Palipo na makubaliano ya kukata sehemu ya malipo kwa ajili ya akiba, kila anayekatwa atie sahihi au dole gumba. Tangazo la mdomo ghalani halitoshi.

Mimi nami nimekuwa mjukuu. Nilipokuwa darasa la tano, mwanzoni mwa miaka ya 1990, bibi yangu aliniletea raba nyeupe siku mbili kabla ya Krismasi. Zilinibana kidogo lakini sikumwambia. Mwezi wa Januari nilirudishwa nyumbani kwa kukosa michango ya shule, nikamkuta amekaa barazani akibangua korosho chache za kitoweo. Korosho nyingine zote, nilikuja kujua nikiwa mtu mzima, zilikwisha kwenda kwa mlanguzi kabla hazijaanguka. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa katika shule za Serikali, lakini sare, daftari na viatu bado ni mzigo wa nyumba, na Januari hufuata wiki moja tu baada ya Krismasi.

Maswali ya kujadiliana chamani:

1. Katika mfano wetu, kama bei ya mnadani ingekuwa shilingi 1,800 na makato yaleyale, bibi angepoteza kiasi gani kwa kangomba?

2. Msimu uliopita, ni wanachama wangapi wa chama chenu ambao malipo yao yalirudishwa na benki, na kosa lilianzia wapi?

3. Mzee anafika ofisini tarehe 23 Desemba akiwa na mjukuu wake. Malipo bado hayajashuka, na kasha lina fedha. Katibu amjibu nini?