Kupanda Rwenzori: Msimu Upi Unamfaa Mwanafunzi wa Kiislamu?



Sifa zote njema ni za Allah aliyeifanya milima kuwa vigingi vya ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na masahaba zake.

Siku hizi vijana wengi vyuoni wanatamani kupanda Milima ya Rwenzori na kukanyaga barafu yake. Hamu hii ina asili ya zamani. Mwaka 1154 mwanajiografia Mwislamu al-Idrisi alichora ramani ya dunia kwa ajili ya Mfalme Roger wa Sicily, na humo akaonyesha mto Nile ukianzia kwenye Jabal al-Qamar, yaani Mlima wa Mwezi. Watu wengi wanaona kuwa Rwenzori ndiyo milima iliyosimuliwa hivyo. Lakini hamu peke yake haipandishi mtu mlimani. Swali la kwanza ni wakati: twende lini? Kwa Mwislamu swali hili lina kalenda mbili, ya jua na ya mwezi.

1. Kalenda ya jua: mvua na ukame

Rwenzori iko karibu sana na mstari wa ikweta, kwa hiyo hapana majira ya baridi na joto kama ya Ulaya. Kinachobadilika ni mvua. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi mwanzo wa Desemba. Katikati yake kuna vipindi viwili vyenye mvua chache: mwisho wa Desemba hadi mwanzo wa Machi, na katikati ya Juni hadi Agosti. Nasema chache kwa sababu katika Rwenzori mvua inaweza kunyesha siku yoyote ya mwaka. Koti la mvua haliachwi nyumbani.

Kwa nini tofauti hii ni kubwa? Njia ya kati huanzia Nyakalengija na huchukua takriban siku saba. Hupita kambi za Nyabitaba, John Matte na Bujuku, kisha Elena iliyo juu ya mita 4,500, ambapo msafara wa kileleni huanzia. Kati ya John Matte na Bujuku kuna kinamasi cha Bigo. Msimu wa mvua tope hufika magotini, mito hujaa na mawe huteleza. Kule juu, theluji mpya hufunika nyufa za barafu, na mtu hajui anakanyaga nini. Msimu wa ukame nyufa huonekana vizuri zaidi, ingawa barafu huwa ngumu na tupu. Hapo ndipo meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu, kamba na kiongozi mzoefu vinapokuwa lazima.

Mvua ya milima hii si ya kufanyiwa mzaha. Mei 2013, na tena Mei 2020, mito inayotoka Rwenzori ilifurika wilayani Kasese na kuharibu nyumba za watu na hospitali ya Kilembe. Miaka yote miwili ilikuwa Mei, mwezi wa mvua kubwa. Anayepanga kupanda mwezi huo kwa sababu tu ana nafasi baada ya mitihani, na alifikirie hilo.

2. Kalenda ya mwezi: Ramadhani iko wapi?

Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote. Miaka hii imeingia katika ule ukame wa Desemba hadi Machi. Kwa hesabu, na kutegemea kuandama kwa mwezi, Ramadhani ya 2027 itaanza karibu na tarehe 8 Februari, ya 2028 karibu na 28 Januari, na ya 2029 karibu na 16 Januari. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Mtu atasema: msafiri ana ruhusa ya kufungua, na Qur'ani katika Suratul Baqara aya ya 185 imeitaja wazi, alipe siku nyingine. Ni kweli. Tena imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona safarini mtu aliyefunga akiwa amezidiwa, watu wamemtilia kivuli, akabainisha kuwa kufunga katika hali ile si wema. Basi anayejikuta mlimani ndani ya Ramadhani asijitese. Karibu na ikweta saumu huchukua zaidi ya saa kumi na tatu mwezi wowote ule. Mwili unaopanda mita 4,000 na zaidi unahitaji maji mengi, na upungufu wa maji huzidisha hatari.

Lakini ruhusa ni jambo moja, na kuchagua ni jambo jingine. Safari hii si ya dharura. Anayeipanga kwa makusudi ili aikwepe saumu ametoka katika roho ya ruhusa, na wanazuoni wengi wamelikataza hilo. Hata mwenye nia safi atakosa tarawehe za jamaa, na pengine kumi la mwisho. Mlima utakuwepo Julai. Ramadhani ikipita, hatuna hakika ya kuifikia nyingine.

3. Ibada njiani

Kwanza, swala. Mwenye kutoka Kampala au Mbale amevuka masafa ya kupunguza swala, na kwa kuwa analala kambi tofauti karibu kila siku, anaendelea kuwa msafiri. Mwenyeji wa Kasese asijipime kwa wenzake, kwani masafa yake ni mafupi. Amuulize sheikh wake.

Pili, alfajiri ya siku ya kilele. Msafara huondoka Elena usiku wa manane, ili watu washuke kabla jua halijalainisha theluji na mawingu hayajafunga. Alfajiri huingia kabla kidogo ya saa kumi na mbili, mkiwa njiani. Zungumzeni na kiongozi mapema ili asimamishe msafara mahali salama.

Tatu, udhu. Hadithi ya Ali katika Sahih Muslim inampa msafiri siku tatu na usiku wake kupaka maji juu ya khufu alizovaa akiwa na udhu. Gambuti linalofunika vifundo na lisilopitisha maji linaingia humo. Kumbuka kwamba ukilivua ili uvae viatu vya barafu, miguu inaoshwa upya.

Nne, baridi. Amr bin al-As alipata janaba usiku wa baridi kali akiwa vitani, akahofia nafsi yake, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari alitabasamu na hakumlaumu. Kuhusu kuirudia swala ile madhehebu yamehitilafiana. Katika madhehebu yetu ya Kishafii tayamamu inataka vumbi, na juu ya barafu halipo. Chukua kifuko cha udongo mkavu kutoka nyumbani.

4. "Tuwahi kabla barafu haijaisha"

Hoja hii ina uzito. Msafara wa Mtawala wa Abruzzi wa mwaka 1906 ulikuta barafu kwenye milima sita ya Rwenzori. Kwenye Emin, Gessi na Luigi di Savoia imekwisha kabisa, na sasa iliyobaki iko hasa Mlima Stanley, wenye kilele cha Margherita cha mita 5,109. Mwaka 2022 UNESCO ilitahadharisha kuwa barafu za maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika huenda zikatoweka ifikapo 2050. Hata hivyo, tofauti kati ya Februari na Julai ni miezi mitano. Miezi mitano haitaimaliza barafu, lakini haraka inaweza kummaliza mtu. Mtume (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Allah. Kuchagua msimu ni sehemu ya kufunga ngamia.

Hitimisho

Kwa miaka hii, wakati bora kwetu ni mwisho wa Juni hadi mwanzo wa Agosti: mvua chache, vyuo vingi vimefunga, na Ramadhani iko mbali. Chaguo la pili ni mwisho wa Desemba hadi katikati ya Januari kwa miaka ambayo Ramadhani haijaingia, kama 2027 na 2028. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, tuache.

Maswali ya kujadili katika darasa:
1. Ni ipi tofauti kati ya kuitumia ruhusa ya msafiri na kuitafuta?
2. Mwenzenu akiumwa kichwa na kutapika akiwa Elena, naye hataki kushuka, amiri wa safari afanye nini, na kwa dalili gani?

Allah atujaalie tutazame viumbe vyake kwa mazingatio, na atulinde safarini. Wallahu a'lam.