Umevuka Bahari, Lakini Bado Unanusa Vitunguu vya Misri

Somo la wiki kwa ushirika wa nyumbani
Soma: Hesabu 11:4–6, Kutoka 16:13–21, 1 Wakorintho 10:13, Yakobo 5:16



Wiki hii naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo tunalijua lakini hatulisemi: sigara. Si sigara ya walio nje. Ni sigara ya ndugu aliyeokoka, anayetoa zaka, anayeimba kwa nguvu, lakini kila Jumapili kabla ya kuingia langoni anatafuna peremende mbili ili mhudumu wa mlangoni asisikie harufu. Huyo ndugu namjua vizuri sana, kwa sababu nilikuwa yeye.

USHUHUDA AMBAO SIKUUMALIZA

Wengi wenu mmenisikia nikishuhudia kwamba Mungu aliniondoa kwenye sigara. Ni kweli. Lakini ushuhuda wangu nimekuwa nikiukata katikati, na leo nataka kuumalizia.

Nilianza kuvuta mwaka wa kwanza chuoni, nikisomea biashara. Kufikia mwaka wa nne nilikuwa navuta sigara nane kwa siku. Nikaokoka. Jumapili moja nikaenda mbele, nikaombewa, nikalia, nikaacha pakiti na kiberiti pale madhabahuni. Nikapewa maikrofoni nikatangaza kwamba tangu siku hiyo sitaitamani tena hata harufu yake. Kanisa likapiga vigelegele.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu nilikuwa sawa. Jumanne nilikuwa nagombana na kila mtu na usingizi umepotea. Jumatano usiku nilikuwa nyuma ya hosteli, nimeomba fegi kwa jirani, navuta huku machozi yakinitoka.

Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi, na juzi nimeshika maikrofoni? Nikaficha kwa miezi minane. Aliyenishika ni mama mmoja wa idara ya maombi. Baada ya ibada alinisalimia kwa mkono, hakuuachilia, akaniambia polepole, "Kijana wangu, hiyo peremende haifichi kitu. Njoo nyumbani unywe chai." Nilienda nikijua nitakemewa. Akanimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Misri ulitoka, usidanganywe na mtu. Sasa kilichobaki ni vitunguu." Akafungua Hesabu 11.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari ni mchungaji, ndugu mmoja alinijia ofisini. Alikuwa ameombewa sigara wiki mbili kabla, na hamu ilikuwa imerudi. Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia hamu ikirudi ni ishara kwamba mtu hakuamini kwa moyo wote. Nilisema hivyo mimi niliyejua kwamba si kweli. Niliogopa kwamba nikimweleza mambo ya nyuma ya hosteli ataniona mdogo. Yule ndugu hakurudi kanisani. Mwaka jana nilikutana naye kwenye steji ya matatu, akaficha sigara mgongoni kama mtoto, akasema, "Pasta, mimi nilishindwa na wokovu wenu." Nilimwomba msamaha palepale. Alinisamehe, lakini bado hajarudi. Somo hili nimeliandika nikimfikiria yeye.

HAMU SI USHAHIDI KWAMBA HUJAOKOKA

Angalia vizuri wale watu wa Hesabu 11. Wamevuka Bahari ya Shamu kwa miguu. Farao amebaki nyuma. Tena ukisoma Hesabu 10:11 utaona ni mwaka wa pili tangu watoke. Hawako Misri hata kidogo. Lakini midomo yao inakumbuka samaki, matango, matikiti na vitunguu. Kuwatoa Misri kulichukua usiku mmoja. Kuitoa Misri kwenye ulimi kulichukua muda mrefu.

Kosa lao halikuwa kukumbuka ladha. Kosa lilikuwa kuketi mlangoni pa hema, kulilia vitunguu, kuidharau mana, na kuanza kusema kwamba utumwani kulikuwa na afadhali. Kwa hiyo mpendwa, hamu ikikushika saa nne asubuhi, usianze kujiuliza kama umeokoka. Jiulize: nitaketi nayo, au nitainuka?

MWILI UNAFANYA NINI

Tusimpe shetani kazi zote. Nyingine ni za mwili. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu. Ubongo unaizoea, unaanza kuihesabu kama chakula. Ukiikata, mwili unadai: hasira, kukosa usingizi, kichwa kuuma, njaa isiyoisha, kushindwa kutulia. Kwa kawaida siku mbili tatu za kwanza ndizo kali kuliko zote, halafu dalili hizo hupungua kadiri wiki mbili mpaka nne zinavyopita. Kumbe ile Jumatano yangu haikuwa ajabu. Nilianguka siku ileile ambayo mwili hupiga kelele zaidi, na hakuna aliyekuwa amenionya.

Jambo la pili ni hili, na ningependa ulishike hata ukisahau mengine yote: hamu moja haidumu. Inapanda kama wimbi, inafika juu, inashuka, mara nyingi ndani ya dakika kumi, uvute usivute. Sisi hudhani itaendelea kupanda mpaka itupasue. Haitupasui. Paulo anapowaambia Wakorintho kwamba Mungu hutengeneza na mlango wa kutokea, mimi nauona mlango huo hapo: dakika ya kumi na moja.

Na mwili nao unashukuru haraka. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka. Katika saa 12 ile hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi hushuka kwenye damu hadi kiwango cha kawaida. Ukifikisha mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo huwa karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta.

HATUA ZILIZONISAIDIA

1. Chagua siku, usafishe nyumba. Pakiti, kiberiti, kile kibakuli cha majivu, vyote vitoke. Usiweke moja ya dharura. Mwaka 2007 sheria yetu ya kudhibiti tumbaku ilikataza kuuza sigara mojamoja, lakini sote tunajua vibandani bado zinauzwa hivyo, na hiyo moja ndiyo inayoangusha watu. Kama kibanda chako kiko njiani, badilisha njia.

2. Weka daftari la hamu. Mimi ni mtu wa hesabu, nilichora safu tatu: saa, mahali, na nilikuwa nafanya nini. Baada ya wiki nikaona hamu zangu nyingi zilikuja baada ya chai, nikingoja matatu, na baada ya simu za watu wanaonidai. Kumbe adui yangu alikuwa na ratiba! Chai nikaanza kuinywea ndani pamoja na watu. Kwenye steji nikawa nanunua miwa iliyokatwa vipande, mdomo na mikono vipate kazi.

3. Shinda dakika kumi tu. Usiahidi Mungu miaka 40. Mana iliokotwa ya siku moja, na iliyowekwa mpaka asubuhi ilioza. Hamu ikija, tazama saa. Simama, ondoka mahali ulipo. Vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kunywa maji taratibu, piga mswaki, osha vyombo. Omba kwa sauti hata kama ni sentensi moja. Yangu ilikuwa, "Bwana, nishikilie mpaka saa nne na dakika kumi." Na siku za kwanza usijitese kwa kufunga bila kula; kwangu njaa na hamu zilikuwa zinafanana sana hata nisijue ni ipi inayoniita.

4. Mwambie mtu mmoja. Yakobo anatuagiza tuungamane na kuombeana ili tuponywe. Si lazima iwe kanisa zima. Hapo ndipo mimi nilikosea, niliambia watu 300 na sikuwa na hata mmoja wa kumpigia. Yule mama aliniambia, "Hamu ikija, nipigie. Kama huna kredo, nipigie ukate, nitajua ni ya kuomba." Kuna siku nilimkatia simu mara sita. Hakuwahi kuniuliza, "Tena?"

5. Dawa si ukosefu wa imani. Hezekia aliahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu (Isaya 38:21). Zipo chingamu na plasta maalum za nikotini zinazopunguza makali wakati mwili unajizoeza. Muulize daktari au mfamasia, hasa kama una mimba, una ugonjwa wa moyo, au unatumia dawa nyingine. NACADA nao wana nambari ya kupiga bila malipo, 1192. Lakini usinielewe vibaya: kuhamia shisha, ugoro, sigara za kielektroniki au vile vifuko vya nikotini ambavyo vijana wetu wanaweka chini ya mdomo si kuacha. Hapo umebadilisha mwajiri tu.

6. Hesabu pesa. Tuseme sigara moja ni shilingi 15. Nane kwa siku ni shilingi 120. Kwa mwezi wa siku 30 ni 3,600. Kwa mwaka ni 43,800. Mimi nilitafuta mkebe, nikawa naweka pesa za sigara humo kila jioni. Mwezi wa tatu nilimtumia mama yangu mabati ya jikoni lake. Hakujua yametoka wapi.

7. Ukianguka, rudi siku hiyohiyo. Mithali 24:16 inasema juu ya mwenye haki anayeanguka mara saba na kuinuka. Sigara moja ni sigara moja. Si pakiti, na si mwisho wa wokovu. Andika kwenye daftari ilikuwaje, mpigie mtu wako, uendelee. Baada ya ile chai mimi nilianguka mara mbili zaidi. Mara ya tatu nikasimama, na mwezi huu natimiza miaka 11. Je, hamu huja? Mara mojamoja, ndiyo, hasa nikiwa na msongo wa mawazo. Inakaa dakika mbili, inapita, naendelea na kazi.

KWETU TUSIOVUTA

Dada, kama mume wako ameacha wiki hii, zile hasira zake si za kwako. Mpe maji, mpe nafasi, na usimnuse kila akiingia. Wahudumu, tukimwombea mtu, tusimpe maikrofoni siku hiyohiyo. Tumpe nambari ya simu. Tumtafute Jumanne na Jumatano. Na ushuhuda tukiutoa, tuutoe wote, hata mahali tulipoanguka. Kuna mtu ameketi nyuma kabisa anayengoja kusikia hicho kipande tunachoruka.

Nawe ndugu yangu wa kwenye steji, kama mtu atakufikishia karatasi hii: hukushindwa na wokovu. Ulikosa mtu wa kukwambia ukweli, na mtu huyo nilikuwa mimi. Chai iko. Njoo hata kama mfukoni bado unayo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kuna tofauti gani kati ya kukumbuka vitunguu na kuvililia? Katika maisha yako, "vitunguu" ni nini?
2. Ni saa ngapi na mahali gani hamu yako hukutafuta zaidi? Unaweza kubadilisha nini wiki hii?
3. Kwa nini ni vigumu kuungama hapa kwetu kanisani? Sisi kama kikundi tumechangia vipi?
4. Kila mmoja ataje, kimyakimya au kwa sauti, mtu mmoja anayeweza kumpigia simu.

TUOMBE

Baba, asante kwa kututoa Misri. Unajua miili yetu na unajua ulimi unavyokumbuka. Tupe neema ya leo, na ikibidi, ya dakika kumi zijazo. Wale tuliowafukuza kwa maneno yetu, warudishe, na utupe unyenyekevu wa kuwapokea. Katika jina la Yesu, amina.