Dawa za Moyo: Nafuu ni Moja, Kinga ni Nyingine

Kaya nyingi huipima dawa kwa nafuu yake. Ukimeza maumivu yakatulia, dawa ni nzuri. Ukimeza mwezi mzima bila kuhisi lolote, umetupa hela. Kwa jino linalouma kipimo hicho kinatosha. Kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kinapotosha vibaya, kwa sababu dawa inayotuliza kifua siyo inayozuia kifo, na mgonjwa anayeacha vidonge asivyovihisi huenda ameacha vile alivyovihitaji zaidi.

Moyo nao hulishwa damu, na una mishipa yake wenyewe kwa kazi hiyo. Mafuta yakijijenga miaka mingi kwenye kuta za mishipa hiyo, njia hupungua. Mtu akiwa amekaa, damu inayopita inamtosha. Akivuta nyavu au akipanda kilima na ndoo kichwani, haimtoshi. Kifua hubana au huwa kizito, pengine hadi bega, mkono wa kushoto au taya, kisha huachia akipumzika. Hii ndiyo angina, na ni rahisi kuidhania kichomi au vidonda vya tumbo. Dawa yake ya haraka ni kidonge cha kuweka chini ya ulimi, nitrogliserini au ndugu yake isosobaidi, kinacholegeza mishipa ndani ya dakika chache. Daktari William Murrell aliandika habari za nitrogliserini huko London mwaka 1879, na bado inatumika. Lakini dawa za kundi hilo zilipojaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 58,000 wa shambulio la moyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, hazikuonekana kupunguza vifo.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1988 yalitoka matokeo ya wagonjwa 17,187 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo: nusu kidonge cha aspirini kwa siku, kwa mwezi mmoja, kilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa takriban robo. Mwaka 1994, huko Skandinavia, watu 4,444 wenye angina au waliowahi kupata shambulio walifuatiliwa zaidi ya miaka 5. Waliopewa simvastatini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, walikufa 182. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, 256. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema simvastatini imempa nguvu. Faida yake ni shambulio ambalo halikutokea, na jambo ambalo halikutokea halina ushahidi mwilini.

Wapo wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri. Utafiti uliofanywa Moshi kwa wagonjwa waliofika hospitali na maumivu ya kifua au kukosa pumzi uliwakuta zaidi ya mmoja kati ya watano na tatizo la mishipa ya moyo, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa. Wengine wanasema aspirini inachoma tumbo. Ni kweli, tena inaweza kulitoa damu. Ndiyo maana asiye na ugonjwa huu asijipangie kuimeza kila siku kutoka duka la dawa. Kwa aliyekwisha kupimwa na kukutwa nao, hesabu ni tofauti: hatari ya moyo kwa kawaida huizidi ile ya tumbo, na mwenye vidonda amwambie daktari mapema ili amkinge. Hofu kwamba mwili utazizoea dawa hizi nayo ina chembe ya ukweli mahali pamoja: atenololi na bisoprololi, zinazopunguza kasi ya moyo, zikikatishwa ghafla zinaweza kurudisha angina kwa ukali. Hilo ni sababu ya kutoziacha bila ushauri wa daktari. Anayekwenda visiwani kuvua achukue za kutosha siku zote atakazokuwa kambini.

Kidonge cha chini ya ulimi kina masharti yake. Kitumie ukiwa umekaa, maana presha hushuka na unaweza kuanguka. Nitrogliserini ibaki kwenye chupa yake ya kioo cheusi. Ikihamishiwa kwenye kibahasha inapoteza nguvu. Aliyetumia dawa ya nguvu za kiume kama sildenafili asiguse dawa hizi, kwa sababu presha inaweza kushuka hadi kuua. Unga wa mitaani wa nguvu za kiume, usioandikwa kilichomo, uchukuliwe kuwa na hatari hiyohiyo, na mwanamume asione haya kumweleza mhudumu. Maumivu yasipopungua dakika 5 baada ya kidonge, safari ya hospitali ianze hapohapo, usiku au mchana. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kutoka Sengerema hana tena sababu ya kungoja kivuko.